Cheti cha Bastola na Mtaa Usionijua

Mimi ni mwembamba, navaa miwani, na nikisimama kwenye foleni watu hunipita mbele bila hata kuomba radhi. Kwa hivyo tajiri wangu aliponiambia nikatafute cheti cha kubeba bastola, nilidhani ananifanyia mzaha.

Hakuwa na mzaha. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa karani wa mishahara katika kampuni moja ya malori kule Shimanzi, Mombasa. Madereva na mataniboi, wasaidizi wao wa garini, walilipwa taslimu, na mimi ndiye niliyekwenda benki kuzichukua pesa hizo. Siku moja vijana watatu walinizuia nyuma ya maghala, wakaniwekea kisu shingoni, wakachukua mkoba. Hawakunipiga. Mkanda wa mkoba ulinasa kwenye kifungo cha shati langu, na mimi, nilivyolelewa, nikamwambia mwenye kisu, "Samahani." Wafanyakazi wenzangu waliicheka samahani hiyo kwa muda mrefu. Mimi sikuicheka. Tangu siku hiyo nilisikia mtu akitembea nyuma yangu hata nilipokuwa nimeketi.

"Bastola nitanunua mimi," tajiri alisema. "Wewe lete cheti. Mwaka ukiisha huna, kazi ya mishahara nitampa mwenye nacho."

Karani wa mishahara asiyegusa mishahara ni nani tena? Mama yangu kule milimani Taita alinitegemea mimi, na mgongo wangu haukuwa wa kubeba magunia. Nikavaa shati safi, nikaenda polisi.

Afisa aliyeshughulika na silaha alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye macho ya usingizi. Alikitazama kitambulisho changu mbele na nyuma.

"Wewe ni wa Taita."

"Ndiyo, afande. Lakini naishi hapa. Nimepanga Kuze, miaka mingi sasa."

"Kupanga si kuwa mwenyeji. Silaha hupewa mtu anayejulikana. Nenda kwenu, chifu wako akuandikie."

Nikapanda basi hadi Voi, na kutoka Voi nikapanda mlima. Chifu alinipokea kwa chai na viazi vitamu, akauliza habari za pwani, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Babako namjua sana," alisema. "Na wewe nakujua, lakini nakujua mpaka darasa la saba. Baada ya hapo ulikwenda Mombasa. Nitajuaje Mombasa imekufanya nini? Bastola utaibeba kule, basi na waseme wa kule."

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nikarudi kwa yule afisa, nikamweleza. Nadhani alinihurumia, kwa kuwa na yeye alikuwa mtu wa mbali. Akachukua alama za vidole vyangu, akaniuliza jirani zangu ni akina nani, akasema, "Nitatuma mtu mtaani kwako aulize. Wakisema wanakujua na huna matata, nitapitisha. Lakini usimwambie mtu yeyote. Nikisikia umewapanga watu, faili naifunga."

Sikumwambia mtu. Nilikuwa na hakika yangu. Pale Kuze nilikaa chumba cha juu katika nyumba ya mama mmoja mjane, aliyeishi chini na kuuza sambusa na kaimati kwa oda. Jioni kila alipopika aliniletea sahani, imefunikwa kawa. Mkabala na mlango wetu palikuwa na duka la mzee mmoja mnene, mwenye magoti mabovu, aliyeuza sukari, mafuta ya taa na habari. Yeye aliniita "mgeni". Wote waliniita mgeni, miaka yote hiyo, na nilikuwa nimezoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana kidogo. Usiku wa Krismasi walinipongeza, Idi niliwapongeza, wakifiwa nilibeba viti. Niliona hiyo inatosha kuitwa kujulikana.

Baada ya majuma kadhaa afisa aliniita. Safari hii macho yake hayakuwa na usingizi.

"Bwana, wewe unaishi wapi hasa?"

"Kuze, afande."

"Kuze hawakujui. Mwenye duka hakujui. Wazee wa barazani hawajawahi kukuona. Huyo mama uliyesema ndiye mwenye nyumba wako amemwambia askari wangu kwamba hana mpangaji na hajawahi kuwa naye."

Nilitembea kutoka pale hadi nyumbani nikipita njia ndefu ya Buxton, kwa sababu sikutaka kufika. Nilikasirika, na hasira yangu ni ya watu wembamba, haipigi kelele, inakata. Nilihesabu moyoni mazishi yote niliyobeba viti. Nilipofika uchochoroni mzee wa duka aliniamkia, "Masalkheri, mgeni," na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale, nikapita bila kumjibu. Jioni sahani ikaja. Nikairudisha na kawa lake.

Mama mwenye nyumba hakuwa mtu wa kurudishiwa sahani. Alipanda ngazi mwenyewe, akihema, akasimama mlangoni.

"Waumwa?"

"Siumwi, Mama. Ila sidhani ni vizuri kula chakula cha mtu asiyenijua."

"Wasemani wewe?"

Nikamwambia yote. Kisu, tajiri, chifu, bastola, mtu wa kuuliza. Nilipofika kwenye maneno "hana mpangaji" nilivua miwani nikaifuta. Yeye aliketi kwenye sanduku langu, akajipiga paja.

"Ala! Kumbe yule ni wewe uliyemtuma!"

"Sikumtuma mimi. Alitumwa na polisi."

"Ndiyo hayo! Alikuya mtu, kofia mpya yang'ara, na viatu vya askari chini ya kanzu. Hata salamu hakutoa. Alianza kwa suali, salamu ikaya nyuma yake. 'Fulani yuaishi hapa?' Sasa mtu kama huyo mimi nimwambie nini? Nimwambie naam, yuko juu, mpandie umchukue?"

"Lakini Mama, aliniulizia kwa heri."

"Nitajuaje? Serikali yauliza mtu kwa heri lini? Marehemu mume wangu alitafutwa siku moja, na uchochoro mzima ukasema haumjui, hata mamake mzazi alisema hamjui. Ndivyo tulivyo. Mtu wetu hatumtoi." Akanitazama kwa ukali. "Ungalikuwa mtu baki, yule askari tungalimuonyesha mlango wako, tukamwekea na ngazi. Na wewe nawe! Jambo kubwa kama hili walificha rohoni. Mficha uchi hazai, mwanangu."

Alishuka, akarudi na sahani ileile, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza. Furaha niliyoisikia siku hiyo sijui niieleze vipi. Nilikuwa nimekosa cheti, kazi ilikuwa inaniponyoka, na nilikula wali wa nazi kama bwana harusi.

Kesho yake alivaa buibui, akaniambia twende. Afisa alimpa kiti.

"Mama, si wewe uliyemwambia askari wangu kwamba humjui mtu huyu?"

"Ndimi."

"Na leo unamjua?"

"Yule alikuya mlangoni kwangu kuniuliza. Leo nimekuya mimi kwa miguu yangu kukwambia. Si mamoja, mwanangu." Kisha, bila kuulizwa, akaanza. Kwamba Jumapili huenda kanisani na hurudi moja kwa moja. Kwamba mwezi wa Ramadhani hajaonekana akila mbele ya watu. Kwamba wakati wa baridi hukohoa, na dawa hataki. Kwamba hukoroma. Kwamba siku moja aliokota pochi nje ya msikiti, akaipeleka ndani kwa muadhini akiwa amevua viatu tangu barabarani. Nilikuwa nimeisahau pochi hiyo. Afisa aliandika, akaacha kuandika, akawa anasikiliza tu.

"Inatosha, Mama," alisema mwishowe. "Hata mimi sina mtu wa kunisemea hivyo."

Cheti hakikutoka siku hiyo wala mwezi huo. Kwanza ilitakiwa niwe na sanduku la chuma lililofungwa ukutani. Kuta za nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa ya zamani. Fundi alipotoboa tundu la kwanza, chokaa ilimwagika kama unga, na mama kule chini akapiga ukelele kwamba nyumba hii babake hakuijenga kwa ajili ya silaha. Tundu la tatu ndilo lililoshika. Halafu nikapelekwa kujifunza kulenga. Nilikosa shabaha mara nyingi sana hata mwalimu akaniuliza kwa upole kama nilikuwa na nia ya kuwapiga wezi au kuwatisha tu. Lakini kabla ya mwaka kuisha cheti nilikipata, na kazi yangu ikabaki yangu.

Sharti kubwa lilikuwa moja. Bastola isionekane. Afisa alisema ikionekana nimeshatishia watu. Sasa, yeye hakukaa Kuze. Kuze watu wakikutana hukumbatiana, hushikana mikono na kuendelea kuishika mpaka habari ziishe, na barazani huketi kiuno kwa kiuno. Nitaificha wapi? Nikanunua koti. Mombasa mtu havai koti ila ana harusi, ana homa, au ana jambo. Siku ya kwanza nilipotoka nalo, mzee wa duka alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Mgeni, waowa yeo?"

"Hapana, mzee."

"Basi ni homa," akasema, na tangu hapo kila siku ya mishahara aliniuliza kwa sauti uchochoro mzima usikie, "Homa yako imerudi?" Hakuna asiyejua. Ndiyo silaha ya siri iliyojulikana kuliko zote pwani. Wenyewe kwa adabu yao walijua upande upi, na kunikumbatia wakanikumbatia kwa upande wa pili.

Namshukuru Mungu sikuwahi kuitoa. Siku pekee iliyonitia mashakani ilikuwa asubuhi moja ya mishahara, mwaka uliofuata. Nilikuwa nimesimama na koti langu kwenye mlango wa duka, nikinywa kahawa, na mzee yuko ndani nyuma ya magunia akitafuta mizani. Akatokea mtu nisiyemjua. Kanzu safi, kofia mpya, na chini yake viatu vyeusi vilivyopigwa rangi.

"Mwenye duka hili unamjua?" akauliza. "Ah, habari za asubuhi."

Suali mbele, salamu nyuma.

"Simjui," nikasema.

"Hujui anaishi wapi?"

"Mimi mpita njia tu."

Alikitazama kikombe mkononi mwangu, akaitazama bahasha ya karatasi mkononi mwake, akashukuru, akaenda. Mzee akatoka na mizani.

"Nani yule?"

"Askari kanzu. Amekuulizia. Nimemwambia sikujui."

"Ahsante sana," akasema mzee, akaweka jiwe la ratili kwenye mizani. Kisha mkono wake ukasimama hewani. "Lo! Alikuwa na karatasi?"

"Alikuwa nazo."

"Pasi yangu! Pasi ya Hija! Waliniambia watatuma mtu aulize kama mimi ni mwenyeji wa hapa!"

Mzee yule alikuwa ameweka nia ya Hija kwa miaka, na hakumwambia mtu kwa kuogopa hasadi. Alizaliwa uchochoro ule, babake alizaliwa uchochoro ule, na sasa serikali ilitaka ithibitishiwe. Niliona uso wake unavyoanguka. Niliujua uso ule. Nilikuwa nao mimi nilipopita Buxton.

"Mzee, mficha uchi hazai," nikamwambia.

"Si wakati wa methali! Magoti yangu hayakimbii. Kimbia wewe!"

Nikakimbia. Koti linapepea, mkono mmoja umeshika kiuno ili kile kitu kisinianguke, miwani inaruka puani, na mimi napiga kelele, "Namjua! Bwana, ngoja, namjua! Namjua sana!" Watu walijibanza ukutani kunipisha. Madirisha yakafunguka juu. Nilimfikia kwenye kona, sina pumzi, nikamweleza kwa vipande kwamba mwenye duka ni wa hapa, yeye na babake, kwamba mimi ndiye niliyekosea.

Aliniangalia uso, halafu akauangalia mkono wangu pale kiunoni, na akaelewa ameona nini. Sauti yake ikabadilika.

"Na wewe mwenyewe," akauliza polepole, "nani anakujua?"

Nilitia mkono mwingine mfukoni kutafuta cheti. Kabla sijakitoa, mama mwenye nyumba wangu alikuwa ameshatoa kichwa dirishani, unga wa kaimati mikononi.

"Twamjua!" akapaza sauti.

Na madirisha mengine, upande huu na upande ule, yakaitikia kabla hayajaulizwa.