Uhamisho wa Mwalimu Stambuli

Regina Kunambi alianza kazi kwa kufundisha darasa la kwanza, akapanda ngazi hadi kuwa afisa elimu wa wilaya. Walimu walimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Alivua viatu akapita kwenye matope ya Uluguru, akafika shule ambazo wenzake walizijua kwa majina tu.

Katika ziara moja alifika shule ndogo milimani, juu ya Mkuyuni. Mwalimu mkuu, Stambuli, alikuwa mzaliwa wa hapohapo. Ndiye aliyewashawishi wazazi wabebe mchanga kichwani hadi madarasa yakasimama, na wanafunzi wake walisoma vizuri ajabu. Regina aliteremka amefurahi, na moja kwa moja akapata wazo. Shule kubwa ya bondeni ilikuwa imefeli vibaya na wakubwa wa Regina walikuwa wanamkalia kooni. Akamhamishia Stambuli huko.

Stambuli alimfuata ofisini. "Mama, naomba uniache kule. Wazazi wale wameshanizoea."

"Mwalimu, huku utapata nyumba yenye umeme. Kule nitapeleka mwingine."

Stambuli hakubishana, akahama.

Huyo mwingine alifika, akauona mlima, akaomba kuhama. Aliyemfuata naye hakukaa. Wazazi wakaanza kwenda na watoto shambani. Bondeni ufaulu ulipanda na Regina akapongezwa. Ya mlimani aliyasikia, lakini kila mara palikuwa na jambo la haraka zaidi. Mwishowe akastaafu, akatulia nyumbani kwake Kihonda.

Siku moja alikwenda kununua ndizi sokoni Mkuyuni. Muuzaji, mwanamke aitwaye Mwajuma, alimtazama kwa muda.

"Shikamoo, mama. Si wewe uliyemchukua mwalimu wetu?"

"Marahaba. Ulikuwa unasoma kule?"

"Niliishia la tano. Mwalimu alipoondoka baba akasema basi, hakuna shule tena. Nikaolewa." Alisema bila hasira, huku akimfungia ndizi. "Mwalimu mwenyewe amesharudi, yuko kwake juu. Amezeeka."

Regina alipanda mlima wiki hiyohiyo, akipumzika kila kona. Stambuli alimpokea kwa heshima, akamtengea kiti barazani na mihogo ya kuchemsha.

"Nilikosea, mwalimu," Regina alisema. "Uliniomba, sikukusikiliza."

Stambuli alimsogezea sahani ya mihogo. Kisha akasema, "Niliomba mara moja tu, mama. Ningeweza kurudi kesho yake nikang'ang'ania. Lakini nami niliitaka ile nyumba."

Regina alikuwa amejiandaa kulaumiwa, hata kusamehewa, si kusikia hilo. Wakala mihogo, wakaulizana habari za wajukuu.

Shule ile sasa ina walimu vijana wawili, na mtoto wa Mwajuma yupo darasa la pili. Regina alizipata habari hizo kwa simu. Akashukuru, akakata, kisha akabaki amekaa sebuleni akimfikiria mama wa mtoto huyo.