Kinundu cha Uwanja Wetu wa Ndege

Ilikuwa mwaka 2014. Hapana, nisidanganye, ilikuwa 2015, maana 2014 nilikuwa bado nashona viatu ng'ambo ya mto na meno yangu ya mbele yalikuwepo. Mwaka huo wa 2015 nilirudi kwa mdogo wangu wa kike na mfuko wangu wa sindano na gundi. Nikamkuta amekaa mbele ya kompyuta ya bintiye, miguu peku, ameshika kijiti cha kuongozea, anatua ndege. Hakunipa hata mkono. Alisema nikae, yuko angani.

Mdogo wangu huyu watu walimwita Fyekeo. Miaka kumi na tisa alifyeka nyasi za uwanja mdogo wa ndege nyuma ya mtaa wetu, uwanja wa udongo unaopata ndege mbili kwa wiki. Basi siku moja ndege ndogo ilitua, ikarushwa juu, ikashuka kwa pua, gurudumu la mbele likavunjika. Hakuumia mtu. Mkuu wa uwanja akaandika kwenye faili: nyasi ndefu, uzembe wa mfyekaji. Fyekeo akaambiwa arudishe buti aende nyumbani. Alisema siku ile ile kwamba nyasi alizifyeka juzi yake, na kwamba kilichorusha ndege ni kinundu cha katikati ya njia ya kurukia, ambacho hukioni mpaka ulale kifudifudi. Hakuna aliyelala kifudifudi.

Miaka sita alikaa na sentensi ile ya faili kama mtu mwenye mwiba kisiginoni. Halafu bintiye, fundi wa kompyuta anayefanyia kazi sebuleni, akaweka programu huria ya kuigiza urushaji wa ndege. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Binti akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mjomba mwenye madarasa machache. Ndege ya humo, alisema, haichorwi tu ikapita. Inapigiwa hesabu mara nyingi kila sekunde: uzito wake, upepo unakotoka, mabawa yanavyobeba, tairi zinavyobonyea zikigusa chini. Ardhi nayo imepangwa kwa vipimo vya milima na mabonde ya kweli. Unaweza kuchagua mvua, ukungu, saa ya siku. Na maandishi yake ya ndani yameachwa wazi, kama saa iliyotolewa mfuniko. Watu wasiojuana, wa nchi mbalimbali, wanaitengeneza kwa kujitolea, na ukiona kosa unaruhusiwa kulirekebisha ukawapelekea.

Hapo, binti alisema, ndipo mama yake, Fyekeo, alipoweka kikombe chini akamwambia arudie maneno hayo ya mwisho.

Uwanja wetu ulikuwemo. Fyekeo alikuwa ameshatua humo mara zisizo na idadi, na ndege haikurushwa juu hata mara moja.

"Huu si uwanja wangu," aliniambia. "Hii ni meza."

Kesho yake alfajiri, kabla mkuu hajafika kazini, tulikwenda kupima. Mlinzi alimjua tangu zamani, akageuza uso kama anatafuta kitu. Tulikuwa na kamba ya katani yenye mafundo na ule mpira wa maji ambao mafundi wa nyumba hupimia usawa. Mimi nilishika ncha moja, yeye akatembea na nyingine, nyasi zimelowa umande mpaka magotini. Kinundu kilikuwepo pale pale. Urefu wa njia nzima ukatoka mita mia nane na arobaini. Binti akaandika, akawatumia wale wanaoitengeneza programu.

Baada ya siku tisa jibu likaja, la heshima. Walishukuru kwa kinundu, lakini picha zilizopigwa kutoka juu zinaonyesha njia ya mita mia nane tu. Kama urefu umekosewa, watauamini vipi mwinuko? Tupime tena.

Nilimwambia aachane nayo, ana miaka sitini. Alinitazama.

"Kaka, kiatu chako kikimbana mtu, unamwambia akate kidole?"

Akachukua ile kamba, akaining'iniza juani, akaipima mchana kwa futi ya binti. Ilikuwa imerefuka. Umande ndio ulioifupisha siku ile. Kamba ya katani ikilowa hujivuta, na kamba iliyojivuta huzidisha mita. Na mimi niliyeshona kwa uzi wa katani maisha yangu yote nilikuwa nimeshika ncha, nimenyamaza kama kigingi.

Safari ya pili tulikwenda saa sita mchana, kamba kavu, mbele ya macho ya kila mtu. Mkuu akatoka ofisini na tai yake kutuuliza nani ametupa ruhusa.

"Napima," Fyekeo alisema bila kuinuka. "Wewe ulipoandika hukupima."

Akatishia kuwaita askari. Fyekeo akamwomba asogee, amekanyaga kamba. Akasogea. Tukaenda mpaka fundo la mwisho: mia nane na mbili.

Safari hii walikubali. Uwanja ukaingizwa na kinundu chake, na kwenye orodha ya waliochangia wakaandika Fyekeo. Binti alitaka liwekwe jina la mama yake la kwenye vyeti. Alikataa, akasema hilo wameshalichafua.

Sasa ndipo tukaenda ofisini kwa mkuu, sisi watatu, tumebeba kompyuta. Binti aliweka ndege ya aina ile ile na uzito wake. Upepo Fyekeo alikuwa ameukumbuka: ile soksi ya uwanjani inayoonyesha upepo ilikuwa imejaa nusu, upepo ukitokea kushoto. Akatua mwenyewe. Ndege ikagusa, ikafika katikati, ikarushwa, ikashuka kwa pua. Programu ile inaweza kurudisha nyuma tukio, basi akarudisha, polepole, ikionekana kutoka ubavuni. Mara tatu.

Mkuu akasema hiyo ni programu tu, na faili ni faili.

"Sikuja kuomba kazi," Fyekeo alisema. "Futa sentensi."

Mkuu akasema haiwezekani, faili limeshafungwa.

"Basi. Lako limefungwa, langu liko wazi. Atakayetua hapa, hata awe upande wa pili wa dunia, atakipanda kinundu changu." Akavaa kandambili zake, akatoka ameinua kichwa, na binti nyuma yake na kompyuta.

Mimi nilibaki kidogo, magoti hayainuki haraka. Nilimwuliza kwa upole, na nimemwuliza tena mara mbili tangu astaafu, tukikutana njiani, naye kila mara hukumbuka mahali anakotakiwa kuwahi:

"Mkuu, nyasi za mle ndani ya kompyuta ni rangi tu, hazina urefu hata wa kucha. Sasa ile ndege ilirushwa na nini?"