Askari Aliyelala Chini

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, baba mdogo alifariki. Tulimzika Jumatano iliyofuata kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo lililo juu ya Kiboriloni, chini ya migomba, hatua chache kutoka kaburi la bibi aliyemzaa. Mvua ilikuwa ya manyunyu na udongo ulishika viatu.

Aliyesoma wasifu wake alisema marehemu alizaliwa, akabatizwa, akaenda vitani ng'ambo ya Kagera, akarudi, akalima kahawa. Kisha akaongeza la kwake, kwamba marehemu alikuwa shujaa asiyerudi nyuma hata hatua moja. Wazee wawili wa benchi la mbele wakainamia viatu vyao. Na mimi nikainamia vyangu.

Wanaume walipokuwa wanafukia, nilizunguka nyuma ya nyumba kusaidia kumenya ndizi. Pale kwenye ukingo wa zizi nikawakuta watoto wanne wamebanana juu ya simu moja.

"Mnaangalia nini, na mzee hajafunikwa bado?"

"Vita, shangazi. Vya Wamarekani wa zamani," mmoja akanijibu bila kuinua macho. "Ona huyu! Risasi imempata na bado anatembea."

Nikaangalia. Walikuwa ni wale wale. Makoti mekundu upande mmoja, makoti ya bluu upande wa pili, ngoma, bendera, moshi mweupe. Sikuwafukuza. Nikabaki nimesimama na kisu mkononi, nikarudi miaka yote ile.

Wewe uliyekulia milimani kwetu unakumbuka banda la video. La kwetu lilikuwa la mabanzi, limezibwa na magunia ya kahawa ili mwanga usiingie, na jenereta lilinguruma nje kama ng'ombe mgonjwa. Jumamosi mchana, baada ya kukata majani ya ng'ombe na kuyashusha zizini, tuliosha miguu kwenye mfereji na kukimbia. Kiingilio cha mtoto kilikuwa yai moja. Ndani kulinuka mafuta ya taa, jasho na mahindi ya kuchoma, na mayai yalipangwa kwenye kikapu miguuni pa mwenye video, ambaye hakuacha kusema tangu picha inaanza hadi inakwisha.

Yeye ndiye aliyetufasiria. Kiingereza hakukijua zaidi yetu, hilo nimekuja kulielewa ukubwani, lakini wakati ule kila alichosema kilikuwa kweli. "Hawa wa koti jekundu ni Waingereza. Wamekuja kuwanyang'anya hawa kihamba chao. Sasa jamaa anamwambia mama yake, mama, usilie, nisiporudi mpe mdogo wangu ndama." Tukashusha pumzi. Kihamba tulikielewa. Ndama tulimwelewa.

Alipenda sana zile picha za Wamarekani wa kwanza, na sisi tukazipenda. Askari walitembea kwa mstari ulionyooka kama wa kipaimara, suruali nyeupe, vifungo vinang'aa. Hakuna aliyeinama. Adui alifyatua, mmoja akaanguka, aliye nyuma yake akaziba nafasi. Mkubwa wao alipopigwa alipewa muda wa kutosha wa kusema maneno yake yote, muziki ukipigwa taratibu, halafu akafumba macho akiwa safi. Jumapili baada ya kanisa tulicheza hivyo hivyo. Bunduki zetu zilikuwa vikonyo vya majani ya migomba. Tulipanga mstari, tukapiga ngoma ya debe, tukafa kwa zamu, na kila mfu alidai muda wake wa kuongea.

Nyumbani tulikuwa na askari wa kweli, na hakufanana na hao. Baba mdogo alichechemea mguu wa kushoto. Koti lake la jeshi alilivaa wakati wa kusafisha zizi. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini mimi alinipenda, na msimu wa kahawa alinichagua nichume naye safu moja. Alinifundisha kuchuma zilizoiva tu, kidole kwa kidole. "Taratibu, mama," aliniambia. Alikuwa akiniita mama kwa sababu nilipewa jina la bibi.

Siku moja, nikiwa darasa la nne, nikamuuliza tukiwa hapo kwenye kahawa.

"Baba mdogo, kule vitani mlisimama mstari?"

"Mstari gani?"

"Ule wa kwenda mbele, na ngoma."

Akacheka kidogo kwa pua. Kisha akachuma tawi zima mpaka nikadhani amesahau swali.

"Walipoanza kupiga, nililala chini," akasema. "Kila mtu alilala. Nilikandamiza uso kwenye udongo, kwenye shina la mgomba. Kule nako kuna migomba, mama. Ukiiona utadhani uko hapa."

"Halafu?"

"Halafu mwenzangu alipigwa. Alikuwa kama pale penye ule mti wa parachichi. Akaniita kwa jina, akaomba maji. Maji nilikuwa nayo."

"Ukampelekea."

"Sikwenda."

Mikono yake haikuacha kuchuma. Nikauliza mwenzake aliita kwa muda gani.

"Mpaka alipoacha," akasema. Halafu akaonyesha debe langu. "Hiyo ni mbichi. Itoe."

Nilijua nimepewa kitu kizito. Sikujua pa kukiweka.

Jumamosi iliyofuata, bandani, askari wa picha alikimbia katikati ya risasi, akambeba rafiki yake begani na bendera mkono wa pili, asipatwe na chochote. Watu wakapiga makofi. Msichana niliyekaa naye akanigeukia. "Baba mdogo wako aliweza hivyo? Na ule mguu?" Wengine wakacheka. Mimi ambaye sikuwahi kusikilizwa na mtu pale ndani nikataka nisikilizwe. Nikasema kwa sauti, "Yeye alilala tu chini. Mwenzake aliomba maji mpaka akanyamaza, akamnyima, na maji alikuwa nayo."

Mwenye video alisikia. Na picha ilipomwonyesha askari mmoja wa pembeni amejitupa kifudifudi nyuma ya gogo, akapaza sauti, "Na huyu sasa, mabibi na mabwana, ndiye Lala Chini wetu! Anasikilizia udongo kama viazi vimeiva!"

Banda zima likalipuka. Nami nilicheka. Ninaliandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tangu siku hiyo, kila picha ya vita ilikuwa na Lala Chini wake. Jina likatoka bandani likafika mferejini, sokoni, likafika kwenye mbege. Nawe unajua mbege ilivyokuwa: pombe yetu ya ndizi, kata moja ya kibuyu inazunguka kutoka mkono hadi mkono, na hapo ndipo mtu alipojulikana kuwa ni mtu. Walinisimulia waliokuwepo. Kata ilipofika kwa baba mdogo, jirani mmoja akamwambia, "Lala Chini, nigawie na mimi basi. Au nikuite mpaka ninyamaze?" Watu wakacheka. Baba mdogo akaweka kata chini bila kunywa, akavaa kofia yake, akaenda nyumbani. Hakukaa tena kwenye mbege ya mtu yeyote mpaka anakufa.

Hadithi ile alikuwa amemwambia mtu mmoja tu. Hakunipiga, hakuniuliza. Ila msimu ule alichuma safu yake peke yake, na mimi nikapangwa safu moja na bibi.

Bibi ndiye aliyenibana nikasema. Alikuwa akikoroga kiburu, ndizi na maharage, na hakuacha kukoroga nilipolia. Nilipomaliza akasema, "Nenda kwenye ua, ukate jani la isale. Mpelekee mkononi, kwa mikono miwili. Usiseme mengi."

Isale ni lile jani refu la kijani lililozunguka kila kihamba kuonyesha mpaka. Lakini ukilikata na kumpelekea uliyemkosea, unaomba msamaha, na akishalipokea yamekwisha, hayarudiwi tena. Kukataa hawezi. Hata aliyeuliwa ng'ombe hakatai isale. Kwa hiyo sikuwa na cha kuogopa, na bado niliogopa. Nilimkuta amenipa mgongo, anapasua kuni. Kila shoka liliposhuka nilijiambia, likishuka tena nitamwita. Lilishuka mara nyingi. Nikarudi kinyumenyume hadi kwenye ua wa masale, nikalichomeka jani langu katikati ya mengine, na hapo halikuwa tena chochote, lilikuwa jani kati ya majani.

"Amepokea?" bibi akauliza.

"Amepokea."

Bibi akamshukuru Mungu kwa Kichagga, akatuma mtu amwite mwanawe aje kula. Akaja, akaketi, akapewa kiburu na maziwa ya mgando. Bibi akamwambia, "Umefanya vizuri kumpokea mtoto." Baba mdogo akaniangalia. Nilikuwa nimeshika bakuli. Angeweza kusema neno moja tu.

"Ndiyo, mama," akamjibu bibi, akaendelea kula.

Hivyo uongo wangu akaubeba yeye, juu ya yale aliyokuwa ameyabeba. Na kwa kuwa nyumbani ilijulikana yamekwisha, hapakuwa na mlango wa kulirudia. Niliishia darasa la saba, nikaolewa huku Kiboriloni, nauza ndizi sokoni. Kila Krismasi nilipanda nyumbani, nikasema shikamoo baba mdogo, akasema marahaba. Hakuniita tena mama.

Vingi vimeondoka. Mwenye video alikufa, na pale penye banda kuna kibanda cha kuchajia simu. Kahawa imeng'olewa karibu yote, mfereji umekauka, na harufu ya maua ya kahawa asubuhi baada ya mvua siwezi kukueleza kama huijui. Wale wa kwenye mbege wamebaki wawili, ndio wale wa benchi la mbele. Hata kata zenyewe wanaziweka ukutani kama mapambo. Ila askari wa kwenye picha hawajazeeka hata siku moja. Nimewaona kwenye simu ya watoto, vifungo vile vile, mwendo ule ule. Siku ya mazishi ndipo nilipomwangalia kwa mara ya kwanza yule wa nyuma, asiye na jina, aliyeanguka wenzake wakamruka. Alifungua mdomo. Sikujua anasema nini, kwa sababu picha ilihamia kwa mwenye bendera. Katika picha zile hakuna anayeita maji kwa muda mrefu. Akiita mara moja ataletewa, au utaonyeshwa mahali pengine. Baba mdogo hakuonyeshwa mahali pengine.

Mwezi Mei, kabla hajafa, nilisikia amelala kitandani, hatambui watu vizuri. Nikajiambia, sasa au basi. Nilipofika nyumbani nikaenda moja kwa moja kwenye ua kukata isale, nikakuta ukuta wa matofali. Vijana wamejenga mwaka juzi, masale yote wameyang'oa wakachoma. Nikapanda kwa jirani, nikapanda kwa mwingine, saa nzima, mpaka nikapata shina moja nyuma ya choo cha watu. Mama wa pale akaniuliza, "Kwani wewe mtu mzima umemkosea nani?" Nikamwambia, mzee mmoja.

Mke wa baba mdogo alikuwa nje anafua. Nikaingia peke yangu. Chumba kilinuka dawa na sabuni ya kipande. Alikuwa amekuwa mdogo, mifupa na blanketi, uso ameuelekeza ukutani.

"Shikamoo, baba mdogo."

Nikapiga magoti kwenye sakafu, nikamwekea jani mkononi kwa mikono miwili, kama nilivyoambiwa na bibi. Vidole vyake vikalijua. Vikalipapasa toka kwenye shina mpaka kwenye ncha, halafu akageuka, akanitazama kwa muda mrefu. Akaniita jina. Halikuwa langu. Lilikuwa jina la mwanamume, wala si la mtu wa kwetu.

"Umefika," akasema. "Nilikusikia. Nilikuwa nakusikia."

Nikataka kumwambia ni mimi, ni yule mtoto wa kahawa. Sikuwahi. Alikuwa anajiinua. Aliinuka nusu, na kwa mikono yote miwili akaninyooshea lile jani.

"Nipokelee," akasema.

Isale haikataliwi. Nikalipokea.

Akashusha kichwa kwenye mto. Kando ya kitanda kulikuwa na kikombe cha maji na kijiko. Nikamuuliza kama anataka. Akatikisa kichwa, akanionyesha mimi kwa kidole, ninywe mimi.

Nikanywa maji yote akiwa ananiangalia.