Mkwe wa Kijiko Kimoja

"Nipeni kijiko kimoja tu cha chakula alichopika mwanamume, nitawaambia kama ataacha mke."

Maneno hayo Daw San Nyein aliyasema kwenye kipaza sauti, siku ya sikukuu ya maji, katika ua wa monasteri yetu hapa Daly City, sote tumelowa chapachapa na mtawa mkuu ameketi pale pale mbele. Alikuwa amepewa kipaza sauti atangaze kwamba kuna gari limeziba njia. Gari lilitangazwa baadaye sana.

Daw San Nyein ni dada mkubwa wa mama yangu, kwa hiyo kwangu ni Mama Mkubwa, na ukubwa wenyewe anautumia wote, habakizi. Kwetu Burma husemwa: Mandalay kwa maneno, Yangon kwa majivuno, Mawlamyine kwa kula. Yeye alizaliwa Mawlamyine, akaolewa Yangon. Jumlisha mwenyewe. Huku Marekani amezeeka akipunguza suruali za watu kwenye duka la dobi mchana, na jioni anapika. Mtu akifa, akizaliwa, akipata karatasi zake za kuishi nchini, sufuria zinatoka kwake. Mumewe alifariki ameshiba.

Binti yake mmoja tu, Wutyi, anafanya kazi kwa daktari wa meno, na umri wake umefika pale ambapo kina mama wa monasteri humwulizia kwa sauti ya chini kama wanamwulizia mgonjwa. Wachumba wameshapita. Mmoja alipika kuku, Mama Mkubwa akaonja akasema, "Kitunguu hakijaiva. Huyu ana haraka, ataondoka kwa haraka hiyo hiyo." Mwingine alinunua akasema amepika. Huyo hata kiti hakukipasha moto.

Sasa akaja Zeyar, naye alikuwa tatizo la aina nyingine, maana ni mpishi. Ana mkahawa wa Kiburma mjini San Francisco, kwenye mtaa ambao hata kuegesha gari kunataka moyo. Taa hafifu, sahani pana kama usukani wa basi, chakula kimekaa katikati kama kimesahauliwa na mtu. Wazungu wanaweka nafasi mwezi mzima kabla.

"Mama, nenda ukale kwake," Wutyi alisema. "Ukimkubali, tunaoana. Ukimkataa, basi, sileti mwingine. Nimechoka kuolewa na ulimi wako."

Yeye mwenyewe alikataa kuja. Alisema angekuwepo angempiga mama yake teke chini ya meza. Kwa hiyo nikampeleka mimi. Ndani ya gari, tulipokuwa tunaingia mjini, Mama Mkubwa akauliza, taratibu kabisa:

"Na akiwa amepika vibaya, nifanye nini? Binti yangu nampenda. Lakini nilisema mbele ya mtawa mkuu."

"Si unaweza kudanganya kidogo?"

"Kwenye chakula?" Aliniangalia kana kwamba nimependekeza tuibe sanamu ya Buddha.

Tukaketi. Mhudumu, kijana wa Kizungu mwenye ndevu nzuri, alileta saladi ya majani ya chai yaliyochachushwa, akaichanganya mbele yetu kwa uma mbili huku akitueleza inatoka nchi gani.

"Anachanganya ya nani huyu?" Mama Mkubwa aliuliza kwa Kiburma, anamtabasamia.

"Yetu."

"Mikono ameosha?"

Mhudumu akaondoka. Tukatulia. Kwetu mtu hagusi kitu mpaka vyakula vyote viwe mezani na wali umefika, kisha mkubwa anapakuliwa wa kwanza. Mama Mkubwa alikuwa ameweka mikono mapajani, na akiiweka mikono mapajani, yangu mimi itaenda wapi? Migahawa ninayoijua, ukikaa tu wanakumwagia kila kitu kwa mpigo, na bili juu yake.

Mhudumu akarudi. Akauliza kama kila kitu kiko sawa.

"Very nice, very nice," akasema Mama Mkubwa. Kulalamika kwa mwenyeji ni aibu.

Akauliza kama aiondoe. Mama Mkubwa akadhani anapisha nafasi ya vingine, akaitikia kwa furaha. Ikaja supu ya samaki kwenye kikombe cha kuchezea mtoto. Ikakaa, ikapoa, ikaondolewa. Ukaja mchuzi wa nguruwe, vipande viwili. Nao ukapelekwa.

"Wana mpangilio mzuri," akaninong'oneza. "Lakini meza ya kupangia iko wapi?"

Huko jikoni, nilikuja kuambiwa na muosha vyombo, Zeyar aliona sahani ya tatu inarudi kama ilivyokwenda, akaketi juu ya gunia la vitunguu. Kisha akavua kofia, akaja mwenyewe, na uso wa mtu aliyeitwa polisi.

"Shangazi," alisema, ameinama, maana kwetu kila mama mzima huitwa hivyo, "kama haikufai, niambie tu. Wutyi nitamwambia mimi."

"Haikufai nini? Kwani nimekula?"

"Vyakula vitatu vimerudi."

"Vimerudi wapi? Si mmeviweka pembeni? Mwanangu, sisi tunasubiri wali! Mchele umekwisha?"

Zeyar alimtazama mwenye ndevu. Mwenye ndevu akatazama viatu vyake.

"Hapa vinaletwa kimoja kimoja, Shangazi, wali ni cha sita. Vijiko viwili."

"Vijiko viwili!" Meza za jirani ziligeuka. "Mgonjwa ni nani hapa?"

Zeyar aliingia ndani akatoka na sufuria ya umeme ya wali yenyewe, ile wanayopakulia wafanyakazi, waya unaburuta, na nyuma yake wahudumu na sahani zote, mpaka meza ikapotea. Akampakulia wali Mama Mkubwa wa kwanza, mkono wa kulia ukipakua, wa kushoto umeshika kiwiko, kama mtoto aliyelelewa. Mama Mkubwa akachota mchuzi wa nguruwe. Kijiko kimoja. Akatafuna.

"Mafuta yako wapi?"

Mchuzi wetu umeiva pale mafuta yanaporudi juu. Huu ulikuwa mkavu kama picha.

"Naengua, Shangazi. Wateja wakiyaona wanauliza kama ni ya injini."

"Unayatupa?"

Hapo mimi nilianza kutafuta mlango kwa macho. Kwa mwanamke wa Mawlamyine, anayetupa mafuta ya mchuzi, mke atashindwa kumtupa?

"Siyatupi," Zeyar alisema, kwa aibu. "Tunayaweka. Tukifunga, tunakula nayo wali jikoni."

"Yalete."

Yaliletwa ndani ya kopo la mayonezi, mekundu, yananukia. Mama Mkubwa aliyamwaga juu ya wali, akala. Akaongeza wali, akala tena. Sikumbuki kama aliniangalia. Zeyar alikuwa bado amesimama, ameshika mfuniko.

"Mwoga," akasema Mama Mkubwa hatimaye. "Anawaogopa wageni mpaka anawaficha utamu." Akalamba kijiko. "Lakini si mtu wa kutupa kitu. Mwezi huu haiwezekani, watawa wako ndani. Wakitoka."

Miezi ya mvua watawa hawatoki monasterini, na kwetu hakuna anayeoa mpaka watoke. Zeyar akahesabu miezi kwa vidole, ndipo akaelewa kwamba amekubaliwa. Kisha akajifuta uso kwa aproni, akamwomba radhi mteja wa meza ya pili ambaye hakuwa amemkosea kitu.

Asubuhi nikatumwa kutafuta ukumbi. Upo mmoja South San Francisco, nyuma ya duka la matairi, unaingiza watu mia mbili. Jumamosi ni dola elfu moja na mia mbili, viti vimo.