Mashini ya Bwana Yangu Ilipokataa Flashi

Nilikuwa nimekalia mukeka, kichwa kimenyolewa, mugongo mu ukuta wa saluni, chumba cha kupokelea wageni, na sikuwa na ruhusa ya kusema. Ndivyo ilivyo upande wa bwana yangu. Mwanamuke akifiwa na bwana anakaa chini, hatoki, hasemeshi wakwe zake mpaka siku ya kutoa matanga, wamuoshe, wamuachilie. Kulia tu ndiko hakuna anayemukataza.

Mbele yangu, juu ya meza, kulikuwa ordinateri ya marehemu, ile kompyuta nzito aliyoandikia watu wa Kasongo barua na makaratasi ya dosie zao. Moto wake ulitoka kwa batri na pano ya jua juu ya nyumba. Na ndani yake mulikuwa kazi ya mujukuu wangu, kazi ya kumaliza chuo, yote, bila kopi mahali pengine. Mimi nilisoma primeri miaka miwili nikarudishwa shambani. Huyu mutoto ndiye wa kwanza kwetu kufika pale, na sijifanyi kama sijivuni.

Ndugu za bwana yangu walikuwa wamefika na pikipiki kutoka Salamabila. Walishasema mbele ya watu wote: kesho tunatoa matanga, na vitu vya kaka yetu tunabeba. Baiskeli, redio, mashini.

Basi mujukuu akaja mbio na flashi, kile kidude kidogo cha kubebea maandiko, akaichomeka. Mashini ikalia tu-tum, ikaandika kitu. Nikamuuliza kwa macho.

«Inasema haiijui, Koko,» akaninong'oneza. Koko ndivyo wanavyotuita sisi mababu na mabibi. «Flashi ya kila siku, leo haiijui!»

Akabadilisha tundu. Akaleta flashi ya rafiki yake. Akazima, akawasha. Bure. Tena suri, ile panya ya kusogeza mu mukono, nayo ikazimika taa yake nyekundu. Ikabaki klavye tu, ule ubao wa herufi, kwa sababu iko na mukia wa zamani wa duara. Mutoto akainama chini ya meza, akaona. Kulikuwa kidude chenye midomo mingi kimechomekwa mu mashini, na kila mudomo unanyonyesha telefone ya mugeni. Siku hizi mutu akifika kwenye kilio hatafuti maji, anatafuta mahali pa kushaji.

«Koko,» akamwambia shemeji yangu mukubwa, kwa adabu, amepiga goti, «naomba nitoe telefone kidogo. Zimechokesha mashini.»

Shemeji hakuinua hata kichwa. «Utoe telefone ya nani? Yangu?»

«Zote. Nyuzi zote zitoke, hata ule wa moto, mashini ilale kidogo. Ndipo itajua flashi tena.»

«Telefone yangu inaijua, flashi yako inaikataa. Hii mashini iko na akili!» Wakacheka wote. «Na unaitengeneza juu ya sababu gani? Kesho iko Salamabila.»

Hapo nilisikia maneno yananijaa mu koo kama ugali wa moto. Siwezi kuyatema, siwezi kuyameza. Mutoto ananiangalia. Mimi niko chini, miguu imekufa ganzi, mulango uko wazi na si wangu.

Nikalia.

«Yooo! Bwana yangu weee! Umeniacha na nani?»

Mujane akipiga kilio hivyo, muziki unazimwa, wanaume wanatoka, wanawake wanaingia kumushika. Shemeji akatoka ananung'unika, na wengine nyuma yake. Wifi yangu mukubwa akanikamata shingo. Mujukuu akajitupa chini ya meza kama mutu aliyeshindwa na huzuni, na mimi, katikati ya mikono ya wanawake, nikaona nyuzi zinatoka moja moja kama utumbo wa kuku.

«Hii mashini ulinunua na mupunga wangu weee! Nililima na mugongo wangu! Kesho inapanda pikipiki, mimi nakalia mukeka!»

Mikono ya wifi ikakaza. Alisikia vizuri. Lakini maneno ya kilio hayajibiwi.

Mashini ilikuwa nyeusi, imelala. Sauti yangu ikaanza kukauka.

«Basi, muke wa kaka,» wifi akasema. «Pole. Inatosha.»

«Bado, Koko! Bado!» mutoto akapiga kelele kutoka chini.

«Masikini, naye anamulilia babu yake,» mama mumoja akasema.

Machozi ya kulazimisha yalikuwa yamekwisha. Ndipo nikamuona bwana yangu pale mezani, lineti zake za macho amezifunga na uzi, ananiuliza, «Dada yako wa Nyangwe tumuandikie nini leo?» Kuanzia hapo sikuhitaji kujikaza.

Mutoto akawasha. Akachomeka flashi peke yake, tundu la nyuma.

Tu-tum.

«Imeijua!» akalia, na wanawake wote wakaitikia, «Yooo!» Nikaendelea mpaka nikamuona anaitoa, anaificha mu kifua.

Kesho yake walitoa matanga. Walikunja hema la kilio, walifunga mashini nyuma ya pikipiki na kamba za mupira. Nilikuwa nangojea maji yangu ya kuoga. Wifi akasimama.

«Huyu muke wa kaka tusimuoshe leo. Jana mulisikia wenyewe. Huzuni yake haijatoka, na iko na maneno ndani. Akae mpaka turudi.»

Hakuna aliyebisha. Ningebisha mimi, na kinywa gani?

Wakaenda na vumbi lao. Nikabaki. Mvua ikaanza, watu wakapanda mupunga, shamba langu likaota majani nikiliona mu dirisha. Siku moja mujukuu akafika mbio kutoka chuo, amelowa, anacheka, hawezi hata kupumua.

«Koko! Wamepokea kazi yangu! Wamesema nimefaulu!»

Wifi mudogo, waliyemuacha anilinde, alikuwa amekaa pale mulangoni, ananitazama. Kigelegele kikafika mpaka kwenye ulimi. Nikakaza meno, nikamuvuta mutoto kwa mukono, akaketi nami chini.