Nilimuelezea Yaya Akwarium Yenye Ilikuwa Imekufa

Kosa iko yangu. Si ya courant ya umeme, si ya frigo, si ya bamama ba kanisa benye baliletea mugonjwa kuku. Yangu! Ninasema hivi mara ya kwanza, juu mu familia nilisha kusema maneno ingine.

Niko mwanamuke wa miaka arobaini na kitu, ninaishi Ruashi, hapa Lubumbashi. Yaya wangu, dada mukubwa, njo alinikomalisha kisha mama yetu kufa. Alinivalisha, alinisomesha, alisimama na miye siku ya ndoa. Iko muchuruzi wa bitenge, anapitaka ku Mokambo, ku mupaka wa Zambia, tangu nikiwa mutoto.

Hakuzaa. Mu salon yake kule mutaa wa Golf, fasi bantu bengine banawekaka televizyo, yeye aliweka bahari. Ndiyo, bahari! Akwarium, sanduku ya kioo yenye maji ya chumvi. Alionaka bahari mara moja tu, kule Dar es Salaam, akingojea container. Akarudi na ile kitu mu kichwa, haikumutoka tena.

Ndani mulikuwa samaki mbili za rangi ya machungwa, na kombe moja kubwa, ile munyama yenye kuishi kati ya maganda mbili. Midomo yake ilikuwa bleu sawa mbingu, na matone ya kijani. Yaya aliiita Kambo, sawa vile tunaitaka mama ya mama, juu ukipita karibu ilikuwa inafunga kinywa sawa muzee mwenye amekasirika.

Chakula ya Kambo ilikuwa maji ya kijani. Yaya alisema jina yake ni fitoplankto: tujani tudogo twa bahari, twenye macho haiwezi kuona, tuzima kabisa. Alikuwa anakomalisha ile tujani mwenyewe mu chupa kubwa chini ya lampe, kisha anachunga chupa mu frigo.

Bon. Jicho yake ya kushoto ilisha kufa zamani. Mwaka huu, ya kuume ikaanza kuleta giza. Docteur akasema lazima opération, na kisha opération alale uso chini, jicho imefungwa, majuma mbili na zaidi. Asilie, asishituke.

Nikahamia kwake juu ya kumuchunga. Mbele ya kuenda ku clinique, Yaya alijaza chupa sita, akaniita mu cuisine, fasi ya kupikia.

«Mudogo wangu, sikia muzuri. Chupa inakaa chini, fasi ya mboga. Si mu congélateur, baridi ile inaua tujani! Kila asubui unaitikisa polepole, juu tujani tunalala chini na kufa. Kifuniko usikaze sana, tujani tunapumua. Na mbele ya kumwanga, unusa. Ikinuka sawa majani mabichi, iko muzuri. Ikinuka mubaya, unatupa. Hata kama njo chupa ya mwisho, tupa!»

«Nimesikia, Yaya.»

«Rudilia.»

Nikarudilia yote, sawa mutoto wa masomo. Ah, kinywa yangu!

Siku tatu kisha opération, Yaya alisha kurudi kwake, bamama ba kanisa bakakuya kumuona. Balileta kuku, samaki, sombe ya majani ya muhogo, masahani juu ya masahani. Frigo ikajaa. Mama Agnès, mwenye anaongoza chorale yabo, akakamata zile chupa mu mikono.

«Na hii maji ya majani, tuweke wapi?»

«Weka pale juu,» nikasema.

Pale juu ilikuwa congélateur. Nilijua! Nilijiambia: saa moja tu, bakienda nitazitosha mule ndani. Balienda, nikaosha masahani, nikamusaidia Yaya kukula, nikasahau. Sikufungua ule mulango siku tatu. Na ile siku tatu Kambo hakukula kintu.

Wakati nilikumbuka, chupa zote sita zilikuwa majiwe. Nikaziweka mu bassin ya maji ya moto. Zikayeyuka, lakini kijani ilikuwa imepauka, na uchafu umekaa chini. Nikanusa. Mama yangu! Ilinuka sawa sombe yenye imelala mu chungu siku mbili.

Ningetupa. Lakini Yaya akaita kutoka mu chambre ya kulala: «Umesha kulisha batoto bangu?»

«Niko nabalisha, Yaya.»

Na nikamwanga. Chupa nzima! Nilipoona rangi iko kidogo, nikaongeza ya pili, ati nguvu itoshe.

Kesho yake maji ilikuwa nyeupe sawa maziwa. Kambo alibaki wazi, midomo imerudi ndani. Nikatia kidole karibu naye. Hakufunga. Nikangoja. Hakufunga!

Ningeuliza nani? Mu Lubumbashi yote hii, nani anajua ugonjwa ya kombe ya bahari? Niliangalia mu telephone, nikakuta maneno ya bazungu benye biashara, sikuelewa. Muntu moja tu alijua. Alikuwa analala uso chini, mulango wazi, hatua kumi kutoka fasi nilisimama. Na docteur alisema asishituke.

Nikachota maji na ndoo, nikatia ingine. Chumvi nilitia bila kupima. Samaki moja ikaanza kulala upande. Nilikuwa ninasimama pale na ndoo mu mukono, sijui niongeze ao nipunguze.

Lakini ile haiko zambi yenye inanikula. Sikia yenye inanikula.

Kila mangaribi Yaya alikuwa anasema: «Kamata kiti, ukae mbele ya Kambo, uniambie.»

Na miye nilikaa, nikamuambia.

«Amefungua kinywa?»

«Amefungua, Yaya. Midomo yote inje.»

«Bleu?»

«Bleu sana! Leo inangaa kupita jana.»

Alikuwa anacheka mu mutoo wa kitanda. Na miye nilikuwa ninaangalia maganda mbili tupu, na samaki moja yenye imebaki, inapumua juu juu. Nilizoea kusema bongo, kudanganya, bandugu. Nilianza hata kuipamba! Nilisema samaki zinafukuzana. Siku ile zilikuwa zimesha kufa zote mbili, nilisha kuzifunga mu sashe ya plastiki na kuzitupa.

Harufu ilikuya. Nikafungua madirisha. Nikakaanga bitunguu asubui na mangaribi.

«Bitunguu tena?» Yaya aliuliza siku moja.

«Ndiyo, Yaya. Tena.»



Siku ya kufungua jicho, nilimushika mukono ku clinique. Docteur akanyanyua vidole. «Mama, unaona vidole ngapi?»

Yaya akageuza kichwa kuume, kushoto.

«Ninaona mwangaza,» akasema.

Ni ile tu. Mwangaza. Docteur akatuambia haiko kosa ya muntu, jicho ilikuwa imechoka zamani, hata angelia ao asingelia ingekuwa vile vile. Basi bongo yangu haikuchunga kintu. Hata jicho haikuchunga!

Tulipofika Golf, akaomba nimupeleke mbele ya akwarium. Akaweka mukono ku kioo. Nikafungua kinywa: «Yaya, Kambo iko...»

«Acha.»

Nikaacha.

«Harufu niliisikia tangu siku ya kwanza,» akasema. «Nikawaza, leo ataniambia. Kesho ataniambia. Njo maana nilikuwa ninakuuliza kila siku. Kama ulisema, ningekuambia maji ngapi, chumvi ngapi. Hata samaki zingepona.»

«Docteur alisema usilie, Yaya...»

«Sikulia. Nililala uso chini mu ile harufu, peke yangu, nikisikiliza gisi unanidanganya muzuri.» Kisha akageuza uso fasi sauti yangu ilitoka. «Sasa sina macho. Nitaona na macho ya nani?»



Amenisamehe. Alisema mbele ya familia, bila kueleza ni juu ya nini, tukaomba pamoja. Lakini nikimusomea barua, kisha anamuita Mama Agnès amusomee tena. Nikimuambia robe yenye amevaa iko safi, anaipitisha vidole polepole, mbele na nyuma. Juma yenye imepita nilimuambia: «Yaya, mvula inanyesha.» Akasema aksanti, akatosha mukono inje ya dirisha. Mvula ilikuwa inanyesha kweli. Akapanguza mukono ku kitenge, akakaa. Na miye nikakaa.

Niko namuambia kweli kila siku sasa, hata ya bintu bidogo. Sijui ile kweli itaingia mu roho yake siku gani. Sijui kama itaingia.

Weye mwenye unasoma, ukiharibisha kintu ya muntu, usijifiche nyuma ya ugonjwa yake. Usiseme ati unamuhurumia. Ni weye mwenyewe unajihurumia! Sema na sauti yenye kutetemeka, sema mubaya, lakini sema wakati angali anakuuliza. Siku moja ataacha kuuliza.