Tulivyochelewa Kutoka Kariakoo

Kwao mke wangu, mtu anayesafiri kwa miguu haagi. Anaamka alfajiri, anajitwika mzigo wake, anaondoka. Jirani atajua baadaye, akiona mlango umefungwa kwa kamba. Kwetu Kariakoo mtu akienda kunyoa nywele tu mtaa wa tatu, atapita kila baraza kusema, "Jamani, natoka kidogo." Sisi wawili tulikuwa tumeoana bila kulizungumza jambo hilo. Nani angefikiri lina maana?

Mimi nilizaliwa nyumba ya pili kutoka ile niliyopanga chumba, na huko ndiko kuhama kwangu kukubwa. Nilikuwa karani kwenye ghala la mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa kidato cha nne, mwenye kiti changu cha kamba pale barazani ambacho hata paka wa nyumba alikiheshimu. Mke wangu alikuwa mtu wa kutembea. Ukimtuma chumvi sokoni anarudi na habari za mtaa wa Gerezani.

Siku moja muuza mkaa kutoka kwao alileta habari. Kijiji chao, ng'ambo ya mto Ruvu, kilikuwa kinahamishwa. Watu wote wanakwenda kukaa pamoja kwenye kijiji kipya cha ujamaa, kando ya barabara. Lori lilishakuja mara moja, likanasa kwenye tope, likarudi tupu. Litakuja tena mvua ikikatika. Mama mkwe wangu, mjane, alikuwa bado yumo kwenye nyumba ile aliyomzalia mke wangu.

"Nataka nimkute ndani ya nyumba," mke wangu akasema. "Sitaki kumkuta kwingine. Ndani ya nyumba."

"Tutapanda basi," nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua mambo.

"Basi gani? Mafuta hakuna, na hilo linaloondoka linaishia njia panda. Mimi nilikuja mjini huu kwa miguu, nyuma ya mama na mikeka yake kichwani. Njia naijua."

"Mimi siijui."

"Wewe tazama kisigino changu."

Nikatoa atlasi yangu ya shule. Mwendo wote kutoka Dar hadi kwao ulikuwa mfupi kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Nikapata moyo. Nikaomba likizo, na nikaazima shanta ya jirani aliyewahi kuwa askari, ile ya turubai yenye mikanda mipana. Mke wangu akapanga vitu mwenyewe: sufuria ndogo, blanketi, unga, chumvi, kiberiti, kanga za kubadili. Alipomaliza shanta ilikuwa nyepesi hata mimi nikaivaa na kuzunguka nayo chumbani kama mtu wa paredi.

"Usimwambie mtu," akasema.

Sikumwambia mtu. Nilimwambia mama mwenye nyumba tu, kwa sababu ya ufunguo. Na kinyozi, kwa sababu aliuliza. Na wazee wa bao, kwa sababu nisingeweza kupita pale kimya, wangedhani tumegombana.

Jioni yake mizigo ikaanza kuingia. Kwetu msafiri ni mali ya mtaa. Akisikika anatoka, basi kila mwenye ndugu upande ule ana kitu cha kumpelekea, na kukataa ni kumwambia mtu kwamba ndugu yake si kitu. Mama mwenye nyumba alileta pasi ya mkaa ya kwenda kwa mdogo wake, Kibaha. Kinyozi alileta viatu vya mtoto. Mzee mmoja wa bao alileta birika, akasema halina uzito, kana kwamba mabirika yake yalikuwa ya namna nyingine. Mwisho akaja bibi wa nyumba ya mbele na kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, chenye miguu yake na ulimi wake wa chuma.

"Mwanangu, hiki ni cha mjukuu wangu, anaolewa. Kiweke tu pembeni."

"Bibi, kibao hakina pembeni."

"Mwangalie! Kidato cha nne kashindwa na kibao!"

Nikakipokea. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani, anatazama shanta ikivimba.

Safari yetu ya kwenda magharibi ilianza kwa kwenda mashariki. Mpangaji wa chumba cha pili alikuwa na kifurushi cha dagaa cha kaka yake, mkata tiketi kwenye pantoni, Magogoni, na nilishamwahidi. "Ni hapo tu," nikamwambia mke wangu. Tukapita sokoni, palipokuwa panamwagwa zege la soko jipya, tukashuka mjini mpaka kivukoni, mimi mbele na ulimi wa kibao ukinidunga mgongoni kila nikipiga hatua. Yule kaka hakuwa kwenye zamu. Tukamngoja. Alipofika akafurahi mno, akatulazimisha kula, akatupatia kapu la kumrudishia mdogo wake.

"Kumrudishia wapi?" mke wangu akauliza.

"Si Kariakoo?"

Mvua ikatushika njiani. Usiku wa kwanza wa safari yetu ndefu ya miguu tulilala kitandani kwetu.

"Karibuni!" mama mwenye nyumba akatupokea mlangoni, mikono kiunoni. "Bara hawajambo? Mvua zimenyesha huko?"

Wazee wa bao walicheka mpaka mmoja akapoteza hesabu ya kete zake. Mimi pia nilicheka. Mke wangu alisimama uani, ananyoosha kiganja kwenye mvua, na nilidhani anaikasirikia. Sikumwelewa. Mvua ile ndiyo iliyokuwa imelizuia lori. Ikinyesha, hatuendi, ikikatika, lori linakwenda. Alikuwa anaiomba iendelee na hapohapo anaiomba ituachie njia, na mtu wa namna hiyo hawezi kukaa. Alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, akikunja nguo zilizokwisha kunjwa.

Asubuhi tukatoka tena, safari hii kuelekea kunakotakiwa. Jangwani bonde lote lilikuwa maji. Watu walikuwa wamevua viatu na kukunja suruali, wanavuka wameshikana mikono. Mke wangu akafunga kanga yake juu ya magoti, akaingia kama anayeingia chumbani kwake. Mimi nilisimama ukingoni nikisoma hali ya mambo.

"Njoo!"

"Kina chake kikoje?"

"Kina cha magoti, msomi! Njoo!"

Nilipofika katikati birika lilichomoka, likaanza kuelea kwenda zake baharini. Kijana mmoja wa kiume akalidaka, akanirudishia kwa adabu, akasema, "Shika mali yako, mzee." Nilikuwa bado sijafika miaka thelathini.

Tukaingia Magomeni tumelowa. Pale alikuwepo shangazi yangu, dada wa baba, na kupita mlangoni kwake bila kuingia halikuwa jambo la kufikirika. Aliponiona na shanta alipiga kelele za furaha, akatuvua nguo za maji, akaweka chungu jikoni. Kisha akasikia tunapita Kibaha.

"Eh! Mungu mwenyewe kawaleta! Nina mwali wangu kule. Nitampikia mikate ya kumimina. Lakini unga lazima uumuke."

"Shangazi, tuna haraka," mke wangu akasema.

"Haraka ya wapi, na mvua hii? Kaa, mwanangu. Kaa kidogo uwe na nyama, mumeo asije akasema hatukukulisha."

Tukakaa. Ilinyesha siku ile na iliyofuata. Nasema kweli, mimi niliipenda safari ile. Shangazi alinipa kiti. Nilikuwa nimefika mbali kiasi cha kutosha: mtu nimevuka bonde, nimelala ugenini, nina malengelenge mawili ya kuonyesha. Mke wangu hakukaa hata mara moja. Alitoka barazani, akarudi, akafagia palipofagiliwa, akasimama tena mlangoni akitazama juu. Shangazi akaninong'oneza, "Huyu ana mimba au ana nini?"

"Ana mama," nikasema.

Siku ya tatu jua likawaka. Mtaa mzima ukafurahi, watu wakaanika magodoro. Mke wangu akaingia ndani, akaifungua shanta, akatoa pasi, birika, viatu, kibao, vyote, akavipanga mkekani kwa utaratibu kama mtu anayefungua genge. Akabakiza sufuria, blanketi na unga. Akafunga mikanda.

"Lori litakuwa limeshawashwa," akasema. "Wewe peleka mizigo ya watu, ni kazi yako na unaiweza. Mimi nakwenda kwa mama."

Hakuwa amekasirika. Laiti angekasirika, ningejua la kujibu. Akampa shangazi mkono, akatoka.

Nikabaki nimesimama mbele ya kibao cha mbuzi. Shangazi alikuwa jikoni, mkate wa kwanza uko chunguni, harufu imejaa nyumba. Nilifikiri habari za Kariakoo: kinyozi atasema nini, bibi wa nyumba ya mbele atasema nini, na kwa muda gani. Nilijua jibu. Kwa maisha yangu yote.

"Shangazi, nakuachia vitu vya watu."

"Utavirudia lini?"

"Sijui."

"Na mkate?"

"Mpe jirani!"

"Mtoto huyu kapagawa," nikamsikia, lakini nilikuwa nimeshafika barabarani, nakimbia na ndala moja mkononi kwa sababu ilikuwa imekatika ukanda. Nilimkuta Manzese. Hakugeuka wala hakupunguza mwendo. Alinipa tu blanketi nilibebe.

Njia yenyewe sina mengi ya kuieleza, maana niliiona kisigino tu. Tuliamka, tulitembea, tulipika ugali wenye mchanga, tulilala kwenye veranda za watu ambao hawakutuuliza tumebeba nini. Kila tuliposikia mngurumo nyuma yetu, mke wangu alishuka kwenye majani na kulitazama gari mpaka lipotee, aone kama lina mzigo au ni tupu. Malori mawili yalitupita. La pili lilikuwa tupu, na kuanzia hapo hatukupika tena. Tulitafuna muhogo mbichi huku tunakwenda.

Tulifika alasiri. Lori lilikuwa limesimama chini ya kilima, dereva amelala kwenye kivuli chake, na watu wanapakia vitanda. Mke wangu alilipita kama haliko. Mimi nilisimama mbali na uwanja wa nyumba, kama inavyompasa mkwe, nimeinamisha kichwa, ndala zangu mkononi.

Mama yake alikuwa anafagia uwanja. Vyungu vyake vilikwisha fungwa, kitanda kilikwisha toka, na bado anafagia, toka ukutani mpaka kwenye migomba. Alimwona binti yake, akasimama. Hawakukumbatiana. Mama akamtazama kuanzia miguuni, akapandisha macho polepole, halafu akanitazama mimi kule nilikokuwa, na hakunisemesha, maana hairuhusiwi. Akamwuliza yeye.

"Na huyu umemleta, au amekufuata?"

"Amenifuata, mama."

"Basi mwambie akae."

Nikakaa chini palepale. Mke wangu akaingia ndani ya nyumba tupu, nikamsikia anazunguka kutoka chumba hadi chumba, anagusa kuta kwa kiganja. Alikaa humo muda mrefu. Chini dereva aliamka, akapiga honi. Mama yake hakugeuka. Aliinama, akaendelea kufagia.